Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Nilimkana mtoto wa dada yangu siku ya Jumanne, mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na dakika kumi za asubuhi, nikiwa nimevaa kikoi na fulana, na kijiko cha chai mkononi. Nilimkana kwa Kiingereza safi. Hilo la Kiingereza nalisema mapema kwa sababu huko mbele kuna mahali nilitaka kudai kwamba sikijui.

Jina langu ni Msabaha, mtu wa Wete, na London hii nimeingia mwaka 2001. Naishi Kilburn, kwenye flati ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ghorofa ya tatu, nambari kumi na nne. Kazi yangu iko Hayes, kwenye ghala la vyakula vya abiria wa ndege. Dada yangu Mardhiya tulitoka naye Pemba mwezi mmoja, ila mimi njia yangu iliishia hapa na yake ikaishia Bremen, Ujerumani. Huko akaolewa na Matar, kijana wa Chake Chake aliyepata kazi ya kufagia na kumwagilia maji viwanja vya tenisi vya udongo mwekundu. Wakazaa binti mmoja, Najla. Mtoto alikuwa akimngoja baba yake amalize kazi, na katika kungoja huko mtu mmoja akampa raketi kuukuu apigepige ukutani asije akawasumbua wanachama. Ukuta ule haukupumzika tena.

Alipofika miaka kumi na minne chama cha tenisi cha Wajerumani kilimchukua kumfundisha. Kumi na saba akaanza kucheza tenisi ya kulipwa, neno kubwa kwa maisha yale. Alizunguka Antalya na Monastir, kwenye hoteli zenye mabwawa matatu ya kuogelea na mechi zisizo na mtazamaji hata mmoja. Nguo zake akifua kwenye sinki la bafuni. Asubuhi akifanya mazoezi na msichana wa Kiromania, mchana akikutana naye uwanjani wamalizane. Kisha, katika mwaka mmoja tu, akapanda kutoka nafasi ya mia tano na kitu duniani mpaka mia moja na sabini. Safari hii alikuwa anakuja London kwa mara ya kwanza, kucheza mchujo wa kuingia Wimbledon. Ana miaka kumi na tisa.

Sasa mniangalie mimi. Picha yake niliiweka kwenye simu yangu mahali pa picha yangu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Wete walioko Uingereza nilikuwa natuma matokeo ya mechi zake kabla hata hajatoka uwanjani. Watu wakanibandika jina, Mjomba wa Tenisi, nami nikajifanya nimeudhika.

Chama chao kilikuwa kimeshampangia hoteli karibu na viwanja. Niliposikia nikampigia Mardhiya simu, na nilimpigia kwa hasira.

"Mtoto wako alale hoteli, na mie nipo London? Watu watanielewa vipi?"

"Kaka, ana mambo yake ya kazi," Mardhiya akasema. "Muwache akae karibu na uwanja. Utamuona, utamlisha, lakini kulala alale na wenziwe."

"Basi sema kwamba kwangu hakukaliki."

"Haya, kaka," akasema, maana hakuna dada atakayemwambia kaka yake hivyo. Hoteli ikafutwa. Kocha wake, mama mmoja wa Kijerumani, hakufurahi, lakini alikubali.

Kuna jambo moja sikumwambia Mardhiya. Chumba cha pili, kile kidogo, nimempangisha Faustine, kijana wa Bukoba tunayefanya naye kazi Hayes, yeye zamu ya usiku. Kaunsili haijui. Kwenye karatasi za kaunsili mimi naishi peke yangu, na kwa ajili hiyo napunguziwa kodi. Miaka minane Faustine anaingia asubuhi na kutoka jioni, na akikutana na mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni, yeye haishi hapo. Nilimfundisha mwenyewe.

Na mimi nilifundishwa na nyumba. Mwaka ule wa 2001 tuliishi watu kumi na moja kwenye nyumba moja ya Hayes, wengine wana makaratasi, wengine makaratasi yako njiani, wengine hayajaondoka kwao. Kanuni yetu ilikuwa fupi. Mlango ukigongwa, anafungua mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote, na jibu ni moja tu, hakuna mtu wa jina hilo. Mwenye Kiingereza kizuri nilikuwa mimi. Nilipata sifa. Nilikuwa najua kuweka tabasamu dogo na kukunja paji la uso kidogo, kana kwamba nasikitika sana kwamba sina msaada. Wenzangu huku ndani wamejibana wasicheke.

Najla alifika Jumapili na begi la raketi lililompita urefu. Nilimpa chumba changu, mimi nikahamia kwenye kochi. Faustine nilimtambulisha kama rafiki wa kazini anayepumzika kwangu siku mbili tatu. Nilipika pilau ya kuku, mkate wa kumimina, na kachumbari, halafu nikamkalisha mezani nikasimama pembeni na simu nikimpiga picha.

"Mjomba, kuna kitu kimoja," akasema. Kiswahili chake anakifahamu chote, lakini akikisema anakichanganya. Aliweka simu yake mezani. "Hii app. Kila siku lazima niandike one hour nitakuwa wapi. Nimeandika hapa kwako, flat fourteen, six to seven, asubuhi. Kuna watu wa kupima dawa, you know, doping. Wanakuja bila kusema. Wakija, lazima wanikute."

"Kula mwanangu, pilau inapoa."

"Nimeshakosa mara mbili. Antalya walibadilisha flight, nikasahau kuandika. Halafu Bremen kengele ya mlango ilikuwa imekufa, sikusikia. Mara tatu katika mwaka mmoja ni kama umekula dawa. Wananifungia. Two years, mjomba."

"Nimesikia."

"Kengele yako inafanya kazi?"

"Inafanya," nikasema.

Waya wa kengele ile niliukata siku Faustine alipohamia. Wakati nasema inafanya, niliazimia kuuunga kesho yake. Na wakati naazimia, macho yangu yalikuwa kwenye simu, nachagua picha gani ya kutuma kwenye kundi, ile anayocheka au ile raketi inayoonekana. Nikachagua ya raketi. Jumatatu ikapita kwa sifa na salamu, waya sikuugusa.

Wiki mbili kabla ya hapo kaunsili walinitumia barua. Waliandika kwamba wanapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha nani anaishi wapi.

Basi ikafika Jumanne. Mechi yake ilikuwa saa tano. Mimi nilikuwa nimeamka, nachemsha chai ya maziwa polepole ili mtoto asije akaamka kabla ya saa moja, kwa sababu nilitaka apumzike. Mlango ukagongwa. Nikafungua nusu.

Walikuwa wawili, mwanamke wa makamo na mwanamume mrefu, vitambulisho shingoni, na begi kubwa jeusi.

"Habari za asubuhi," mwanamke akasema kwa Kiingereza. "Tunamtafuta Najla Matar. Yupo?"

Najua mtauliza, ulisikia jina la mtoto na bado? Nilisikia. Lakini mimi niliona vitambulisho. Nikaona begi, nikaona Faustine atashuka kwenye basi baada ya nusu saa, nikaona barua ya kaunsili juu ya friji. Na kama wameshajua mpaka jina la mgeni aliyelala siku mbili, basi wanajua mengi. Uso wangu ukajipanga wenyewe. Tabasamu dogo likaja, paji likakunjika.

"Samahani sana. Hakuna mtu wa jina hilo hapa."

"Una hakika? Hii ni nambari kumi na nne?"

"Ni kumi na nne. Mimi naishi peke yangu."

Mwanamke aliangalia nyuma yangu. Pale kwenye korido kulikuwa na viatu vya michezo vya Najla, vyeupe, vipya, pamoja na kandambili zangu. Nikasogea kidogo nikavikinga kwa mguu.

"Tutangoja chini," akasema.

"Karibuni," nikasema, na nikafunga.

Nilifurahi. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba nilirudi jikoni nimefurahi. Miaka ishirini na tano na bado ninaweza. Nikamwandikia Faustine: watu wa kaunsili wapo chini, usipande, wakikuuliza huishi hapa. Faustine akajibu kwa kidole gumba. Nilichungulia pazia nikamwona anashuka kwenye basi, yule mwanamume mrefu akamsogelea, Faustine akatikisa kichwa, akaonyesha barabara, akaondoka zake kama mtu aliyepotea njia. Kijana hodari, nikasema moyoni.

Ilipobaki dakika tano kuwa saa moja wakapanda tena. Sasa waligonga kwa nguvu, na hawakuacha. Nilizima jiko. Nikasimama katikati ya korido bila viatu. Kisha nikaona mlango wa chumbani uko wazi kidogo, na nikaogopa kwamba kelele zitamwamsha mtoto. Nikaenda kwa ncha za vidole, nikaufunga polepole mpaka komeo likaingia.

Walipoondoka, mtoto bado yuko kwenye usingizi wake mzito, nilimimina chai.

Najla alinieleza kwenye treni. Tulikuwa kwenye njia ya Jubilee tunaelekea Waterloo tuunganishe kwenda Barnes, karibu na viwanja vya mchujo, begi lake katikati ya magoti yetu. Alikuwa ametulia, anakula ndizi.

"Leo hawakuja," akasema. "Kila siku saa ile naogopa, hata nikiwa nimelala. Then it's seven, naanza kupumua."

"Kina nani?"

"Wale wa kupima. Nilikuambia, mjomba. Ukisikia mtu anagonga asubuhi, basi ni wao."

Nilitazama matangazo juu ya vichwa vya watu. Nililisoma tangazo moja la dawa ya mafua mwanzo mpaka mwisho, nikalirudia. Pale pale ningesema, kocha wake angewapigia simu, pengine jambo lingesikilizwa likiwa bado bichi. Lakini mtoto ana mechi, nikajiambia. Si vizuri kumvuruga mtu mwenye mechi. Nilijiambia hivyo kwa upole kabisa, kama mtu mwenye busara.

Akashinda. Hajawahi kucheza kwenye nyasi kabla ya mwezi ule, lakini mpira ule wa chini anaoukata kwa mkono wa kushoto ulikuwa hauinuki, na mpinzani wake, Mfaransa mmoja, akawa anaufuata magotini. Watu walipiga makofi. Mwenzangu wa pembeni aliniuliza kama namjua, nikasema ni mtoto wa dada yangu, nikageuza uso pembeni. Akadhani ni furaha.

Sasa, akishinda, maana yake Jumatano ana mechi nyingine. Si vizuri kumvuruga. Jumatano akashinda tena, seti tatu, na mimi nikanyamaza tena. Akishinda na Alhamisi anaingia Wimbledon yenyewe, na mimi nitanyamaza wiki nzima, pengine mbili. Kwenye kundi watu walikuwa wanaandika dua na kunitumia maua. Sikujibu hata mmoja. Mardhiya alipiga simu analia kwa furaha, nikamwambia niko kazini, na nilikuwa likizo.

Alhamisi nilikaa safu ya nyuma. Seti ya tatu, tano kwa tano, nilijigundua naomba dua. Nilikuwa naomba ashindwe. Mtoto niliyembeba Bremen ana siku arobaini, namwombea ashindwe, ili mechi zimalizike, ili nipate nafasi ya kusema. Alishindwa saba kwa tano. Alikwenda kumpa mkono mwenzake, akakaa kwenye kiti chake akajifunika taulo kichwani, mabega yanacheza. Mimi kifua changu kilikuwa kimepata nafuu. Hata hapo sikusema. Nilimnunulia maji.

Ijumaa anafunga mizigo, barua pepe ikaingia. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akavuta kiti akakaa mezani, pale pale nilipomlisha pilau. Akaanza kuisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, bila kuniangalia. Saa kumi na mbili na dakika kumi, mwanamume wa miaka kama sitini alifungua mlango, akasema kwa Kiingereza fasaha kwamba hakuna mtu wa jina hilo na kwamba anaishi peke yake. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, mwanamume mwingine, nje, alisema hamjui mtu yeyote kwenye jengo. Simu ya mchezaji ilikuwa imezimwa. Ilipobaki dakika tano kufika saa moja waligonga mfululizo, hakuna aliyefungua. Ilisikika sauti ya mlango wa ndani ukifungwa.

Hapo akainua uso.

"Mjomba. Ni wewe?"

"Sikuwaelewa, mwanangu. Unajua Kiingereza chetu sisi watu wazima."

"Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu."

"Tutaandika hivyo. Mie nitaandika barua, niseme sikuelewa, sijui lugha. Tuombe hata mkalimani. Watakubali, mtu mweusi mwenye ndevu nyeupe, watakubali haraka sana."

Nilikuwa nasema kwa pupa, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuliona wazo ni zuri. Najla alinisikiliza mpaka mwisho. Hana tabia ya kumkatiza mkubwa, mama yake kamlea.

"Kule Antalya hakuna referee wa mistari," akasema polepole. "Kila mtu anahukumu upande wake. Mpira wa mwenzangu ukigusa line yangu, ni mimi ninayesema umeingia. Nobody else saw it. Mwaka jana match point nilisema umeingia, nikatolewa. Nililia mpaka airport. But I said it." Akaigeuza simu kifudifudi. "Ukiandika uongo siutumi. Andika ilivyokuwa. Kama huwezi kwa sababu ya room ya Faustine, usiandike kitu. Jina lako sitalitaja."

"Watakufungia."

"Maybe."

Ndiyo, alikuwa amejua kuhusu chumba cha Faustine. Tangu siku ya kwanza aliona nguo zake kwenye kabati la korido, za joto na za baridi, na rafiki wa siku mbili haji na koti la theluji mwezi wa Juni. Hakusema kwa mama yake. Alininyamazia mimi, mtu mzima, na alikuwa tayari kuninyamazia tena na miaka yake miwili iende.

Mardhiya alipiga alasiri. Mara hii nilipokea.

"Kaka, mtoto alikuwepo nyumbani?"

"Alikuwepo."

"Na weye ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa ilikuwaje?"

Nyuma yake nilimsikia Matar anauliza kuna nini.

"Basi," Mardhiya akasema. "Basi, kaka." Akakata.

Niliandika. Karatasi mbili kwa mkono, kisha Najla akazipiga picha. Niliandika kwamba nilielewa kila neno. Niliandika kwamba mtoto alinieleza mapema mimi nikawa natazama simu, kwamba kengele niliikata mwenyewe nikamwambia nzima, kwamba viatu vyake nilivikinga kwa mguu na mlango wake niliufunga kwa mkono wangu. Sababu niliandika pia, chumba, rafiki aliyekipanga, na kodi. Niliandika polepole, kama mtoto wa chuoni anayeandika alifu ya kwanza. Nilipofika kwenye habari za Faustine nikamgongea mlango.

"Mzee Msabaha," akasema baada ya kusoma, "mimi nilidanganya kwa ajili yako, halafu wewe unaniandika?"

"Jina sikuandika. Nimeandika rafiki."

"Rafiki," akarudia, akacheka bila furaha. "Niliwaambia wale watu simjui mtu humu ndani. Hebu niambie kweli, nilidanganya?" Jumapili alihamia kwa binamu yake Edmonton. Ghalani tunapishana zamu, tunasalimiana.

Mwezi wa Julai walinihoji kwenye video, watu watatu, kila mmoja na rafu yake ya vitabu nyuma. Waliniuliza kama nahitaji mkalimani, nikasema hapana. Najla alikuwa kwenye kisanduku chake pembeni, nywele zimebanwa, na Mardhiya amekaa nyuma yake.

"Kwa nini ulisema unaishi peke yako?" mmoja akauliza.

"Kwa sababu ndivyo ninavyosema," nikajibu. "Mtu yeyote akigonga, ndivyo ninavyosema."

"Hata kwa mpwa wako?"

"Hata kwa mpwa wangu."

Aliandika kitu. Mardhiya aliinama akafunga kamba ya kiatu chake, na akakaa huko chini muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

Ile mara ya tatu waliifuta. Walisema mchezaji alifanya lililo juu yake, aliuliza mpaka kengele. Kaunsili nao niliwapelekea nakala ya barua yangu, wakaleta zao, nikalipa nilichokuwa nadaiwa, flati wakaniachia kwa onyo. Kwenye kundi la Wete habari zilifika kwa njia ninayoijua, mtu wa Bremen kwa mtu wa Kilburn. Hakuna aliyenisema. Waliacha tu kuniita lile jina.

Mwaka ukazunguka. Juni hii Mardhiya alinitumia ujumbe, mstari mmoja, Najla amefika salama, yuko hoteli. Nikamjibu alhamdulillahi. Waya wa kengele nilikuwa nimeshauunga zamani, kengele inalia vizuri, wanaoipiga ni watu wa kuleta vifurushi. Nilikaa siku nzima na lile neno hoteli. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba kwangu kunakalika.

Siku ya mechi nilikwenda. Sikumwambia. Nilidhani nitanunua tikiti langoni nikae nyuma nione mkono ule wa kushoto, kisha nirudi na basi. Lakini nilikosea lango, nikafika kwenye lango la wachezaji na jamaa zao, na mlinzi, binti wa Kihindi aliyeandikwa Tejal kifuani, akanisimamisha kwa adabu.

"Wewe ni familia ya mchezaji, mzee?"

Swali jepesi, la kujibu ndiyo. Nilifungua kinywa. Nikafikiria mtu anayesema ndiyo mahali kama pale anatakiwa awe ametenda nini.

"Hapana," nikasema. "Nimepotea njia."

Nilikuwa nimeshageuka. Nyuma yangu nikasikia magurudumu ya begi kwenye changarawe yakisimama. Najla alikuwa anaingia na kocha wake, ndizi mkononi, kisikio kimoja sikioni. Alitoa kisikio.

"Mjomba," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba."

Tejal alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Unamjua huyu?"

"Ni mjomba wangu," Najla akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Yuko pamoja na mimi. Jina lake liko kwenye orodha yangu ya wageni, angalia, Msabaha. Nililiandika jana."

Tejal akatafuta kwenye kidude chake, na jina langu lilikuwepo. Akanifungulia. Kocha alitangulia bila kunipa salamu, na ni haki yake. Najla akanipa begi dogo la maji nimsaidie kubeba. Nililipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikapita nyuma yake.